Maswali ya Wasomaji: Vichocheo, Makapi ya Miwa na Mafuta ya Chipsi

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu namna kemikali ambazo kwa kawaida hutokana na petroli zinavyoweza kutengenezwa kwa mimea kwa msaada wa vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali bila vyenyewe kwisha. Barua tulizopokea zilitoka zaidi Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi, na nyingi ziliandikwa na watu wenye mali ghafi hiyo mlangoni. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

*Mhariri, ninafundisha kemia katika shule ya upili karibu na Muhoroni. Wanafunzi wangu wameisoma makala yenu wakaamua kwamba kichocheo bora kinaweza kutoa ethanoli nyingi katika molasi kuliko sukari iliyomo inavyoruhusu. Nimewakatalia, nao wamenijibu kwamba gazeti limesema. Naomba neno lenu.* — Mwalimu, Muhoroni

Uko sahihi, Mwalimu, na makala haikusema vingine. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dioksidi, na hakuna hamira, asidi wala metali itakayoibadilisha hesabu hiyo, kwa sababu ni hesabu ya atomi zenyewe. Anayetoka Kisumu kwenda Nandi Hills anaweza kuchagua barabara isiyo na mwinuko mkali, lakini Kisumu haitapanda wala Nandi Hills haitashuka kwa ajili yake. Kichocheo nacho hupunguza mwinuko ulio katikati ya safari, huku mwanzo na mwisho wa mmenyuko ukibaki pale pale.

Jambo ambalo vitabu vya shule hulipitia upesi, nalo ndilo kiini cha biashara hii, ni kwamba kichocheo huchagua. Chukua ethanoli hiyo hiyo ya Muhoroni. Mvuke wake ukipitishwa juu ya alumina, yaani oksidi ya alumini, yenye joto la nyuzi 350 hivi, hupoteza maji na kuwa ethilini. Juu ya alumina hiyo hiyo kwenye joto la chini zaidi hutoka etha. Na juu ya shaba yenye joto hupoteza haidrojeni na kuwa asetaldehaidi. Kitu kimoja kimeingia, na vitatu tofauti vimetoka. Petroli ghafi haina oksijeni ya maana, kwa hiyo kazi kubwa ya wanakemia wake imekuwa kuiongeza pale inapohitajika, ilhali sukari na nyuzi za mimea zimejaa oksijeni kila upande, na molekuli zake zinaweza kuvunjika kwa njia nyingi mno, nyingi kati yazo zikiishia kwenye masizi na lami. Ndiyo maana katika mali ghafi ya mimea kichocheo hupimwa kwanza kwa uchaguzi wake, na kasi hufuata.

Kwa wanafunzi wako, jaribio la kutengeneza oksijeni kwa haidrojeni peroksidi linatosha, mradi lisiishie kwenye mapovu: pimeni uzito wa manganisi oksidi, ambayo ndiyo kichocheo, kabla ya kuanza, kisha uchujeni ule unga mweusi, muuoshe, muukaushe na kuupima tena.

*Ndugu Mhariri, sisi tunalima mahindi, na kila msimu magunzi tunayachoma au kuyaacha yaoze. Nimesikia kwamba yana kemikali ya bei. Je, ni kweli, na je, kikundi chetu kinaweza kuitoa?* — Mkulima, Kimilili
*Makapi ya miwa yanarundikana nyuma ya kiwanda tunakofanyia kazi hadi yanashika moto yenyewe. Kwa nini hayageuzwi kuwa kitu?* — Mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, Nyando

Barua hizi mbili zinauliza juu ya kitu kimoja. Magunzi na makapi ya miwa yote yana selulosi, lignini, na sehemu ya tatu iitwayo hemiselulosi, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayovunjika kwanza. Katika mimea hii, hemiselulosi imejengwa hasa kwa sukari ya zailosi yenye kaboni tano. Ukiipika kwa mvuke wa shinikizo pamoja na asidi kidogo, asidi hiyo ikiwa ndiyo kichocheo, zailosi hutengana kutoka kwenye nyuzi, kisha kila molekuli yake hupoteza molekuli tatu za maji na kubaki kimiminika kiitwacho furfurali. Kikitoka tu kwenye mtambo hakina rangi na hunukia kama lozi; kikikaa wazi kwa hewa hugeuka manjano, kisha hudhurungi, hatimaye cheusi kama oili iliyotumika. Harufu hiyo tamu isimdanganye mtu, kwa maana ni sumu, na huwasha ngozi na macho.

Furfurali si ugunduzi wa jana. Mwanakemia Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner aliipata katika karne ya 19 akiwa anatafuta kitu kingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats ya Marekani, iliyokuwa imelemewa na marundo ya maganda ya oti, ikaanza kuitengeneza kwa wingi kwa asidi ya salfuriki na mvuke. Leo China huongoza kwa kutumia magunzi ya mahindi, na hapa Afrika kiwanda cha Sezela katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, huitoa kwenye makapi ya miwa kando ya kiwanda cha sukari. Eldoret nayo iliwahi kujengewa kiwanda cha furfurali ya magunzi, ambacho hakikudumu.

Tufanye hesabu ya Nyando. Tani 100 za miwa zikisagwa huacha takriban tani 30 za makapi, lakini nusu ya hayo ni maji, kwa hiyo makapi makavu ni tani 15. Robo hivi ya makapi makavu ndiyo hemiselulosi inayoweza kutoa furfurali, na kwa hesabu ya atomi kilo 25 za hemiselulosi hiyo zingetoa kilo 18 za furfurali. Mitambo ya aina ya zamani hupata nusu tu ya kiasi hicho. Tunabaki, kwa hiyo, na zaidi kidogo ya tani moja kwa kila tani 100 za miwa.

Hiyo nusu nyingine huenda wapi? Huliwa ndani ya mtambo. Furfurali ikichelewa ndani ya asidi yenye joto hushikana na zailosi ambayo bado haijabadilika, na yenyewe kwa yenyewe, ikawa utomvu mweusi usio na soko. Kichocheo kilichoitengeneza ndicho kinachoiharibu. Dawa ya zamani ni kuisukuma nje haraka kwa mvuke mwingi, na mvuke ni kuni au makapi yaliyochomwa. Isitoshe, kinachotoka ni maji yenye furfurali asilimia chache tu, ambayo lazima yakenekwe upya, yaani yachemshwe na mvuke wake upozwe ili kuvitenganisha. Watafiti kwa sasa wanahangaikia vichocheo vya asidi vilivyo yabisi, kama vile ziolaiti na resini zenye asidi, ambavyo huweza kuchujwa na kurudishwa kazini badala ya kumwagwa na maji taka, na pia mbinu za kuweka juu ya maji kiyeyushi kinachoivuta furfurali pindi inapozaliwa. Kikwazo chao ni udongo na majivu: potasiamu iliyo ndani ya mmea hukaa mahali pa asidi kwenye kichocheo na kukizima, na makapi yaliyotoka kwenye miwa iliyobebwa na matope ya Nyando hayatakuwa safi kama sampuli ya maabara.

Furfurali yenyewe hutumika kusafisha mafuta ya kulainisha mitambo, lakini sehemu kubwa yake huongezewa haidrojeni kwa kichocheo cha shaba ikawa alkoholi ya furfurili, ambayo hutengenezewa resini ya kugandishia mchanga wa kalibu katika viwanda vya kusubu vyuma. Kichocheo kilichozoeleka huko kina shaba na kromiamu, na kwa sababu kromiamu ya aina fulani ni sumu, kuna juhudi kubwa ya kuiondoa.

Jibu letu kwa Kimilili, basi, ni kwamba kikundi chenu kisijaribu kupika furfurali. Kinahitajika chombo cha shinikizo kisichoozeshwa na asidi, na magunzi yaliyotawanyika katika mashamba ya ekari mbili mbili yatakula faida yote kwa nauli ya lori. Mnachoweza kuwa nacho ni mali ghafi iliyokusanywa mahali pamoja na kukaushwa vizuri, kwa kuwa anayeimiliki ndiye atakayekuwa na la kusema siku mnunuzi akijitokeza. Kwa Nyando jibu ni tofauti. Kiwanda cha sukari kina makapi yaliyokwisha kusombwa, kina mvuke, kina mafundi wa boila, na mabaki yanayotoka baada ya furfurali yana selulosi na lignini ambayo bado yanaweza kuchomwa. Kinachozuia mara nyingi ni boila kuukuu zinazolamba makapi yote kwa kutoa mvuke mchache. Tungeanza na boila, kabla ya kumwita mtaalamu yeyote wa vichocheo.

*Kwenye pakiti ya dawa ya meno nimesoma neno sobitoli. Ni kitu cha petroli?* — Msomaji, Kakamega

Hapana, ni glukosi iliyoongezewa haidrojeni, na glukosi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye wanga wa mahindi au ngano. Maji ya glukosi na gesi ya haidrojeni hukutanishwa kwenye shinikizo kubwa pamoja na unga wa nikeli. Gramu 180 huingia na gramu 182 hutoka. Zile mbili ndizo haidrojeni. Sobitoli huizuia dawa isikauke mdomoni mwa tyubu. Zailosi ya magunzi ikifanyiwa vivyo hivyo huwa zailitoli, ile ya kwenye baadhi ya bazoka zisizoozesha meno. Petroli huingia kwa mlango wa nyuma, kwani haidrojeni nyingi duniani hutolewa kwenye gesi asilia, ingawa inaweza pia kupatikana kwa kupasua maji kwa umeme, na umeme wa mvuke wa Olkaria ungeifaa kazi hiyo.

*Hamjambo. Nina kibanda cha chipsi na kuku Nakuru, na nina ndugu yangu fundi wa magari anayesema mafuta yaliyochoka tunaweza kuyafanya dizeli kwa soda ya kutengenezea sabuni. Je, ni ukweli au ni hadithi za gereji?* — Mfanyabiashara, Nakuru

Ni ukweli wenye hatari ndani yake, na tutaomba umwonyeshe ndugu yako jibu lote, si mwanzo wake tu.

Mafuta ya kupikia ni mikono mitatu mirefu ya asidi za mafuta iliyofungwa kwenye glisiroli. Yakichanganywa na methanoli pamoja na soda kostiki au potashi, mikono hiyo huachia glisiroli na kuishika methanoli, na matokeo yake ni mafuta mepesi yanayoweza kuendesha injini ya dizeli. Kilo 100 za mafuta huhitaji, kwa hesabu, karibu kilo 11 za methanoli, ingawa kwa vitendo huwekwa mara mbili ili mmenyuko ufike mwisho, na hutoa karibu kilo 100 za dizeli na kilo 10 za glisiroli inayozama chini kama asali nyeusi. Soda inayotumika ni kilo moja hivi. Linganisha na sabuni: kugeuza kilo 100 zile zile kuwa sabuni kunahitaji takriban kilo 14 za soda, kwa kuwa huko soda huingia ndani ya sabuni na kubaki humo. Katika dizeli ni kichocheo, katika sabuni ni kiungo.

Mafuta ya chipsi, kwa bahati mbaya, huvuta mambo upande wa sabuni. Viazi hutoa maji, na maji kwenye mafuta yenye joto hukata ile mikono na kuiacha huru. Mikono huru hula soda na kuwa sabuni, nayo sabuni huifunga dizeli na glisiroli pamoja hadi zikataa kutengana. Kwa hiyo mafuta lazima yachujwe makombo, yachemshwe hadi maji yaishe, kisha yapimwe asidi yake. Ikiwa mikono huru imezidi asilimia mbili hivi, soda peke yake haitafaa, na hutangulizwa hatua nyingine ya methanoli na asidi ya salfuriki. Wapo pia watafiti wanaotumia chokaa iliyochomwa, kitu ambacho watu wa Koru wanakijua vizuri, kama kichocheo yabisi kisichochanganyika na dizeli. Hufanya kazi, lakini polepole zaidi, na huchoka kikipata unyevu au hewa ya kawaida, kwa kuwa hunyonya maji na kaboni dioksidi.

Hatari ni methanoli. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua. Huingia mwilini kwa ngozi na kwa pumzi. Na mwale wake wa moto karibu hauonekani mchana, hivyo mtu anaweza kusimama motoni bila kujua. Huanza kuchemka kwenye nyuzi 65, ilhali mmenyuko huu hufanywa kwenye nyuzi 60. Hiyo si kazi ya sufuria juu ya jiko la makaa nyuma ya kibanda. Ethanoli ya miwa ingekuwa salama zaidi, lakini ethanoli ya kawaida ya kukeneka hubaki na maji karibu asilimia tano ambayo mkeneko wa kawaida hauwezi kuyaondoa, na tumeona maji hufanya nini.

Ushauri wetu ni huu: yauze mafuta yako kwa mtu mwenye mtambo uliofungwa na vibali, au mtafute mtengenezaji wa sabuni ya kufulia.

*Ikiwa Brazil hutengeneza plastiki kwa miwa, Mumias wanangoja nini?* — Msomaji, Mumias

Brazil hufanya hivyo kweli. Kampuni ya Braskem ilifungua mwaka 2010, huko Triunfo, mtambo wa kugeuza ethanoli ya miwa kuwa ethilini, gesi inayotengenezewa plastiki ya polithini, na ulipofunguliwa ulikuwa na uwezo wa tani 200,000 kwa mwaka. Tani moja ya ethilini hula zaidi ya lita 2,000 za ethanoli, na tani moja ya molasi hutoa lita 250 hivi, kwa hiyo ni tani nane za molasi kwa tani moja ya ethilini. Molasi ni asilimia nne hivi ya uzito wa miwa. Kuulisha mtambo kama wa Triunfo kwa molasi pekee kungehitaji takriban tani milioni 40 za miwa kila mwaka, na Kenya nzima haifikii hata nusu ya hizo. Brazil yenyewe haitegemei molasi tu. Hukamua miwa mizima kwa ajili ya ethanoli.

Tuongeze jambo moja linalosahaulika: polithini ya miwa ni polithini. Molekuli zake ni zile zile, haiozi upesi kuliko nyingine, na mfuko wa kubebea uliotengenezwa nayo ungekamatwa sokoni kama mifuko mingine tangu marufuku ya Agosti 2017. Kama Mumias itatengeneza plastiki, tungependelea iwe ya asidi ya laktiki, ambayo huchachushwa kutoka kwenye sukari na kuunganishwa kwa kichocheo cha bati, na ambayo katika lundo la mboji lenye joto la kiwandani huvunjika.

*Bibi yangu hutengeneza busaa. Je, kimea ni kichocheo?* — Mwanafunzi, Vihiga

Ndicho, au kwa usahihi zaidi, vimeng'enya vilivyomo ndani yake ndivyo vichocheo. Wimbi likiota huunda amilesi, ambayo hukata wanga wa unga wa mahindi uliokaangwa kuwa sukari, kisha chachu huipokea sukari hiyo. Muulize bibi kwa nini haweki kimea maji yakiwa yanatokota: amilesi ni protini, na mchemko huiharibu. Viwanda vya glukosi hutumia vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo.

*Sisi ni kikundi cha akina mama wauza samaki Dunga. Gugumaji likifunga ufuo mashua hazitoki, nasi hatuuzi. Tumeambiwa kuna kemikali za kuligeuza liwe mafuta. Tutumie kichocheo gani?* — Kikundi cha akina mama, Dunga, Kisumu

Akina mama, tatizo lenu kubwa ni maji, na hakuna kichocheo cha kuyaondoa. Kilo 1,000 za gugumaji lililotoka ziwani zina kilo 930 hivi za maji na kilo 70 za kitu kikavu. Kuyafukiza maji hayo kunahitaji nishati ya takriban megajuli 2,300, wakati kilo 70 hizo zikichomwa zote zitatoa karibu megajuli 1,050. Anayekausha kwa moto anapoteza zaidi ya mara mbili ya anachopata. Jua ni la bure, lakini linahitaji uwanja, majuma, na mvua isiyonyesha. Isitoshe, gugumaji hunyonya madini mazito yaliyomo ziwani na lina majivu mengi, mambo ambayo vichocheo vya metali havivumilii.

Kwa hiyo tungewaelekeza kwenye njia inayopenda maji, nayo ni mtambo wa biogesi, ambamo bakteria hufanya kazi ya vichocheo kwa vimeng'enya vyao wenyewe, katika joto la kawaida la Kisumu. Likatwekatwe vipande vidogo na lichanganywe na samadi ya ng'ombe ili bakteria waanze upesi. Gesi inayotoka ni ya kupikia, na matope yanayobaki yapimwe madini kabla ya kumwagwa kwenye mboga.

Hapo ndipo kemia ndogo itakapohitajika. Biogesi huja na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo hula vichomeo vya jiko na ni sumu ikikusanyika chumbani. Pitisheni gesi kwenye bomba lililojazwa vinyweleo vya chuma vyenye kutu, vile vinavyofagiwa chini ya mashine za mafundi wa jua kali. Kutu huishika salfa na kugeuka nyeusi. Ikishakuwa nyeusi yote, itolewe nje na kutandazwa mbali na kitu chochote cha kuwaka, ikiwa na unyevu kidogo, kwa sababu hupata joto inapokutana na hewa. Itarudia rangi yake ya hudhurungi, na mnaweza kuirudisha bombani mara kadhaa kabla ya kuomba nyingine.